Siku ya Tatu, Jembe Liko Wapi?

Niliporudi kutoka kisiwani, rafiki zangu wa vitabu waliniomba kitu kimoja: niwaandikie makala tamu. Walishaisoma vichwani mwao kabla sijaandika hata mstari. Mtu wa Tanga yuko kwenye boti, bahari ya Atlantiki imechafuka, ukungu, ndege wa baharini, bibi kizee anachochea moto na kusimulia, na siku ya saba lugha ya kale inamfungukia mgeni kama mlango. Msomaji anafuta chozi, anachukua simu, anaanza kutafuta nauli.

Sitaiandika hiyo makala. Siyo kwamba safari ilikuwa mbaya. Ilikuwa nzuri sana, na ugomvi wangu unaanzia hapo hapo. Makala za namna hiyo nimesoma nyingi, za Kiingereza na sasa hata za Kiswahili, na zote zinampongeza mwanafunzi kwa kujifunza. Sijaona hata moja inayomuuliza amemwachia nini mwenye lugha. Kwetu tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kozi za Kiayalandi kule visiwani zinampa mgeni kitanda, chai, mwalimu na cheti. Jembe hapewi. Na mgeni mwenyewe, jamani, halidai.

Nianze na kilichonipeleka. Nafanya kazi katika nyumba moja ya kulea wazee, kaunti ya Cork, kusini mwa Ayalandi. Wahudumu wengi tumetoka mbali: Ufilipino, India, Brazil, Nigeria, na mimi wa Tanga. Kuna bibi mmoja pale mwenye ugonjwa wa kusahau. Kiingereza, ambacho alijifunza ukubwani kidogo, kimeanza kumtoka. Kilichobaki ni lugha ya kwanza. Usiku alikuwa anaamka na kuita, na sisi tunaandika kwenye daftari la zamu: anaweweseka. Tuliandika hivyo kwa miezi. Mpaka usiku mmoja akapita nesi mzaliwa wa Cork, akasimama mlangoni, akasema, "Huyu haweweseki. Anaomba maji."

Uisce. Maji. Ndilo neno tulilokuwa tunaliita kuweweseka.

Nikamwomba nesi aongee naye. Akaona aibu. Akaniambia alisoma Kiayalandi tangu akiwa mtoto mdogo mpaka anamaliza sekondari, na sentensi ndefu pekee inayomtoka bila kusita ni ile ya kumwomba mwalimu ruhusa ya kwenda chooni. Nilidhani ananitania. Baadaye nikagundua huo ni utani wa nchi nzima. Kila mtu mzima utakayemuuliza atakutolea sentensi hiyo hiyo, halafu atacheka, halafu atanyamaza.

Basi yule bibi, kila nikiingia chumbani kwake, ananitazama usoni na kuniuliza swali moja la maneno matatu. Nesi hakulielewa. Nikaliandika kwa jinsi nilivyolisikia, ke lesh hu, nikakitia kikaratasi mfukoni, nikajiandikisha kozi.

Nilikwenda Oileán Chléire, kisiwa kilichoko kusini kabisa ya Ayalandi inayokaliwa na watu. Unapanda boti bandari ya Baltimore, mwendo wa dakika 45 hivi. Kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita tano kwa kukadiria, na wakazi wake ni mia moja na kitu. Soma tena: mia moja na kitu. Ni sehemu ya Gaeltacht, yaani yale maeneo ambayo serikali inayatambua kuwa ya watu wanaoishi kwa Kiayalandi, Gaeilge kama wenyewe wanavyokiita. Kozi yenyewe ni ya kuzama: unalala nyumbani kwa mwenyeji, asubuhi darasani, mchana matembezi, usiku nyimbo na ngoma, na sharti ni moja. Kiingereza unakiacha gatini.

Niseme ukweli: kozi inafanya kazi. Tena kwa sisi Waswahili inafanya kazi kuliko wengine wanavyodhani. Kiayalandi hakina kitenzi cha kumiliki. Unasema kitabu kipo kwangu: tá leabhar agam. Wenzangu Waingereza na Wamarekani walikuna vichwa, mimi nikacheka, kwani "nina kitabu" ni nini kama si "mimi na kitabu"? Njaa iko juu yako: tá ocras orm. Kwetu nako njaa inauma, usingizi unashika, baridi inaingia. Mtu hamiliki mambo haya, yanamjia. Halafu neno linabadilika kichwani: bád ni boti, mo bhád ni boti yangu, ár mbád ni boti yetu. Walilalamika, eti watalitafutaje neno kwenye kamusi kama herufi ya kwanza haitulii? Karibuni, niliwaambia. Mtoto wa kwetu hajaanza shule anajua kwamba ulimi ukiwa mmoja ni ulimi, zikiwa mbili ni ndimi. Na hakuna neno moja la ndiyo wala la hapana, unajibu kwa kitenzi kile kile ulichoulizwa. Umekula? Nimekula. Nani kwetu anajibu vinginevyo?

Siku ya nne nilikuwa natunga sentensi. Siku ya tano niliota ndoto yenye maneno matatu ya Kiayalandi. Kama ningeishia hapo, ningekuwa na ile makala yenu.

Lakini siku hiyo ya tano jioni nilikaa baa karibu na mzee mmoja mvuvi. Nikamtupia maswali yangu. Hujambo? Jina lako nani? Unatoka wapi? Hali ya hewa nzuri leo, siyo? Akanijibu yote polepole, neno moja moja, kama mtu anayemlisha mtoto uji. Mmarekani aliyekaa upande wangu wa pili naye akamtupia ya kwake. Hujambo? Jina lako nani? Yale yale, kwa mpangilio ule ule, maana tulifundishwa ubao mmoja. Mzee akajibu tena. Yule Mmarekani alipoondoka, mzee akanigeukia na kuongea Kiingereza, kwa huruma nadhani. Akaniambia kiangazi chote yeye anaongea Kiayalandi cha darasa la pili. Wakishaondoka wageni, alisema, inamchukua siku kadhaa za kuongea na ndugu yake mpaka ulimi unyooke.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza mgongo unavyomuuma baada ya kuvuta nyavu. Mimi ndiye niliyeshindwa kumaliza kinywaji changu.

Tafakari, msomaji. Lugha ambayo wenyewe wamebaki mia moja na kitu pale kisiwani, miezi mizuri ya mwaka wanaiongea kwa nusu ya nguvu zake ili sisi tuielewe. Utani wao wanaumeza. Misemo yao wanaiweka kabatini. Neno la haraka linapunguzwa mwendo. Tunakuja kutafuta lugha safi ya kisiwani, na kwa kuja kwetu tunaifanya iwe ya vitabu vya mazoezi. Halafu tunarudi kwetu tukisema tumezama. Nani kazama hapo?

Mtanijibu: mbona Unguja kila mwaka wanakuja Wazungu, Wajapani na Wakorea kujifunza Kiswahili, na Kiswahili hakijapungua hata nukta? Kweli. TAKILUKI imefundisha wageni tangu miaka ya 1970 na hakuna mtu wa Mji Mkongwe aliyepoteza ulimi. Ila tupige hesabu. Mgeni mmoja katika nyumba ya watu hamsini ni mgeni, anakaribishwa, anakula, maongezi ya nyumba yanaendelea. Wageni hamsini katika nyumba ya watu watano ndio nyumba yenyewe. Hapo wenye nyumba wanakuwa wahudumu.

Siku ya sita nikamwonyesha mama mwenye nyumba kile kikaratasi changu. Kila aliyelaza mwanafunzi kule anaitwa bean an tí, mama wa nyumba, na huyu alikuwa amelaza wanafunzi miaka mingi. Alikisoma kwa sauti mara mbili, mara ya tatu akacheka. "Cé leis thú?" Wewe wa nani? Hivyo ndivyo watu wazima wanavyomuuliza kijana wasiyemjua, alinieleza. Hawaulizi jina. Wanauliza wewe ni wa nyumba gani, wa ukoo gani, nani anakujibia.

Nilikaa chini. Maana hilo swali nalijua. Nimeulizwa maelfu ya mara nikiwa mtoto, kila nilipotumwa dukani na kukutana na mzee njiani. Wewe mtoto wa nani? Ukijibu, anajua akusalimie vipi, akutume nini, na akikukuta unafanya upuuzi amshtaki kwa nani. Lile swali siyo la kutaka habari. Linakufunga kamba.

Sasa angalieni. Darasani tulifundishwa siku ya kwanza kabisa "Cad as duit?", umetoka wapi. Ni swali la hotelini, swali la mtu anayepita. Wiki nzima hatukufundishwa swali ambalo wenyewe wanaulizana, na wala sikuona anayelikosa, kwa sababu hakuna kati yetu ambaye angekuwa na jibu. Sisi hatukuwa wa mtu pale. Tulilipa, tukapata risiti, deni likaisha. Kuja kulipia lugha ili usidaiwe chochote na wenye lugha: hayo ndiyo ninayoyaita kasoro ya biashara nzima.

Na siyo jambo geni. Ninyi wapenzi wa fasihi mnalijua, au mnapaswa kulijua, kwa sababu visiwa vya Ayalandi vimepokea wageni wa lugha kwa zaidi ya miaka mia moja, na wengi wao walikuwa watu wa vitabu. John Millington Synge alikwenda Visiwa vya Aran mwaka 1898, akarudi kila mwaka mpaka 1902, akakaa hasa Inis Meáin, akajifunza lugha, na akaondoka na malighafi ya tamthilia zake. Tamthilia ni kubwa, sina ugomvi nazo. Zimeandikwa kwa Kiingereza. Visiwa vya Blasket, magharibi zaidi, vilimpokea Carl Marstrander kutoka Norway mwaka 1907, kisha Robin Flower wa London mwaka 1910, kisha George Thomson mwaka 1923. Kutokana na mikutano ile tukapata rafu nzima ya vitabu: An tOileánach cha Tomás Ó Criomhthain mwaka 1929, Fiche Blian ag Fás cha Muiris Ó Súilleabháin mwaka 1933, Peig cha Peig Sayers mwaka 1936. Kisiwa kidogo vile, watu wasiofika mia mbili, kimezaa maktaba!

Ndiyo, tunashangilia. Sasa tusome na ukurasa ambao hatuusomagi. Majira ya baridi ya mwaka 1946 kuingia 1947 kijana alikufa pale Blasket kwa homa ya uti wa mgongo, bahari imechafuka, daktari hawezi kuvuka. Mwaka huo huo wa 1947 wakazi walimpelekea simu ya maandishi Waziri Mkuu Éamon de Valera wakiomba chakula. Mwaka 1953 wa mwisho wakahamishiwa bara. Vitabu vipo, vimetafsiriwa duniani kote. Kisiwa hakina wakazi. Watu wale walipewa umaarufu. Walichoomba kilikuwa gati, daktari na boti ya uhakika.

Yupo aliyeliona hili mapema akalichekea mpaka likauma. Mwaka 1941 Brian O'Nolan, kwa jina la Myles na gCopaleen, alitoa An Béal Bocht, riwaya ya Kiayalandi inayowakejeli wapenzi wa Kiayalandi. Waungwana wanashuka kutoka Dublin kuja kijiji maskini, wanapenda umaskini kwa sababu wanaona ndio unaotunza lugha, wanahutubiana kuhusu lugha huku wenyeji wenye njaa wakianguka. Kuna mtaalamu anayerekodi mkoromo wa nguruwe akidhani amepata Kiayalandi cha ndani kabisa, na wasomi wenzake wanamsifu kwa ugunduzi. Nilicheka sana nilipoisoma tafsiri yake. Nilipokumbuka daftari letu la zamu sikucheka tena. Yule alisikia mnyama akadhani ni lugha. Sisi tulisikia lugha tukaandika ni kuweweseka.

Najua jibu linalokuja, na mama mwenye nyumba mwenyewe alinipa. Bila kozi, kisiwa kingekuwa kimeshafungwa. Serikali inazilipa familia za Gaeltacht zinazolaza wanafunzi wa kozi zinazotambuliwa, pesa hizo zinasomesha watoto, na boti inaendelea kusafiri kwa sababu ina abiria. Tena wageni wengine walibeba jembe kweli. Ó Criomhthain huenda asingeandika kama mgeni mmoja, Brian Ó Ceallaigh, asingekaa naye na kumsomea waandishi kama Maksim Gorky ili aone kwamba maisha ya mvuvi ni kitabu. George Thomson alimsukuma Ó Súilleabháin aandike, akamsaidia kuchapisha, na miaka ya 1930 alifundisha Kigiriki cha kale kwa Kiayalandi katika chuo kikuu cha Galway. Kigiriki, kwa Kiayalandi! Mwingereza yule aliichukua lugha aliyopewa na wavuvi akaitia kazini mahali ambapo hakuna aliyedhani inaweza kufika.

Nakubali yote. Wala sisemi kozi zifungwe. Nasema mfano wa Thomson ndio unaonipa haki ya kuwauliza wengine: wewe umeitia kazini wapi?

Maana tatizo la Kiayalandi leo siyo upungufu wa wanafunzi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,873,997 waliosema wanaweza kukiongea. Hao ni watu wawili katika kila watano. Sasa shika kiti: wanaokiongea kila siku nje ya shule ni 71,968. Lugha ina wajuzi wengi na watumiaji wachache. Katiba ya 1937 inaiita lugha ya kwanza ya taifa, Umoja wa Ulaya uliipa hadhi rasmi mwaka 2007, na bibi akiomba maji usiku tunaandika anaweweseka. Mwaka ule ule wa 2007 utafiti ulioagizwa na serikali ulionya kwamba mambo yakiendelea vile, hata katika maeneo yenye nguvu zaidi Kiayalandi hakitadumu kama lugha kuu ya jamii zaidi ya miaka 15 hadi 20. Jumlisha mwenyewe uone tuko wapi.

Kwa hiyo mtu anayejifunza wiki moja, akaenda kwao akaacha, hajaongeza kitu. Ameongeza namba kwenye ule upande ambao tayari umejaa.

Wanaopenda historia watanikumbusha bata scóir. Karne ya 19 mtoto wa Kiayalandi alivishwa kijiti shingoni; kila akisema neno la Kiayalandi kijiti kinatiwa alama, na jioni alama zinahesabiwa kwa fimbo. Waliosoma Kenya hawahitaji kuelezwa, Ngũgĩ wa Thiong'o ameyaandika ya shuleni kwao katika Decolonising the Mind. Leo mambo yamegeuka: katika kozi za kiangazi za vijana, anayekutwa anaongea Kiingereza anaweza kurudishwa kwao. Wako wanaolaani sheria hiyo kuwa ni kijiti kilichogeuzwa. Mimi hainisumbui, sheria ya wiki tatu haivunji mtoto. Kinachonisumbua ni kwamba akishapanda basi kurudi mjini, hakuna duka, hakuna zahanati, hakuna ofisi itakayomhitaji aseme neno hata moja. Tumemfundisha kwamba lugha ni ya kambini, kama mahema.

Sasa nije kwetu, maana najua wengine mnasoma huku mnatikisa vichwa: maskini Waayalandi, Mwingereza aliwafanya nini. Tulia kwanza.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mbondei wa Muheza. Kibondei alikiongea na dada zake, na mbuzi, na Mungu. Na sisi wajukuu wa mjini alituongelesha Kiswahili, kwa sababu tulikuwa tukimcheka. Hakuna Mwingereza aliyenivisha kijiti. Ni Kiswahili, hiki hiki kitamu ninachokiandika, kilichokaa pale ambapo Kiingereza kimekaa Ayalandi: lugha ya shule, ya redio, ya msikiti na kanisa, ya mtu aliyeelimika. Nimekuwa nikijihesabu upande wa walioonewa kwa kuwa tunapigania Kiswahili dhidi ya Kiingereza, na ni vita ya haki, nitaendelea nayo. Lakini kwa Kibondei mimi ndiye niliyekuwa darasani nikicheka. Miaka ya mwisho bibi alirudi kwenye lugha yake ya kwanza, na wajukuu tuliokuwa tunampokezana kumuuguza tuliambiana kwa simu, kwa Kiswahili safi kabisa: bibi siku hizi haeleweki.

Haeleweki. Anaweweseka. Neno ni lile lile.

Ndiyo maana makala tamu siwezi. Nilivuka bahari mbili kujifunza lugha ya bibi wa mtu mwingine wakati ya bibi yangu niliiacha inyauke umbali wa nauli ya daladala. Atakayenihukumu kwa hilo hajakosea. Lakini najua pia kwa nini ilikuwa rahisi: kisiwa cha mbali hakikudai kitu. Muheza ingenidai. Ningeulizwa wewe wa nani, na ningelazimika kujibu.

Basi, haya ndiyo ninayoyadai, kwangu na kwako unayepanga kukata tiketi.

Salamu na maswali ya ubaoni yajifunzie nyumbani. Vitabu vipo, programu za simu zipo. Usimfanye mvuvi wa miaka 70 kuwa kinanda chako cha mazoezi. Fika kisiwani ukiwa na la kuzungumza, au fika unyamaze usikilize.

Rudi mahali pale pale. Ukienda Cléire mwaka huu, mwakani usiende Inis Oírr kwa sababu picha zake ni nzuri. Rudi Cléire, na urudi Novemba, mvua inapopiga na hakuna kozi wala ngoma, ili ukumbukwe na uanze kuwa wa mtu. Uliza gati inahitaji nini, shule ya msingi ina watoto wangapi mwaka huu. Watoto wa kisiwa wakimaliza hiyo ya msingi wanakwenda sekondari bara, na si wote watakaorudi. Na kama una uwezo wa kununua nyumba ya likizo katika Gaeltacht, usiinunue. Vijana wa huko wanakosa pa kuishi, na lugha haikai katika nyumba iliyofungwa miezi kumi.

Ninyi wa vitabu, someni wanaoandika sasa. Mapenzi yenu kwa Peig na Ó Criomhthain ni mazuri, lakini wamekufa na hawahitaji wanunuzi. Wapo waandishi hai wa Kiayalandi ambao kitabu chao kikinunuliwa na watu mia ni habari. Hata Cléire kina kitabu chake, Seanchas Chléire cha Conchúr Ó Síocháin, mvuvi na mkulima wa pale pale. Sikuona mwanafunzi hata mmoja wa kozi yetu aliyekuwa nacho.

Na zaidi ya yote, tumia ulichopewa mahali kinapohitajika. Sheria ya 2021 inataka ifikapo mwisho wa 2030 angalau asilimia 20 ya waajiriwa wapya wa utumishi wa umma wawe wanakijua Kiayalandi. Karatasi nzuri. Itabaki karatasi kama hakuna anayefika dirishani akaomba huduma kwa lugha hiyo. Fika dirishani. Chelewesha foleni. Hiyo ndiyo namna ya kulima.

Mimi kazini nimebandika karatasi ukutani chumbani kwa yule bibi, kwa idhini ya binti yake: maneno ishirini, yameandikwa jinsi yanavyosikika, ili Mfilipino na Mhindi na Mnaijeria wayasome. Maji. Baridi. Maumivu. Choo, ile sentensi ya nchi nzima imepata kazi hatimaye. Kulala. Mama. Binti alinisahihisha mawili. Kwenye daftari la zamu neno "anaweweseka" halijaandikwa tena kwa bibi huyo tangu Septemba.

Swali lake bado ananiuliza. Usiku wa kwanza nilijaribu kumjibu kwa sentensi ya kozi, natoka Tanzania. Alinitazama kama mtu aliyeuliza bei ya samaki akajibiwa saa. Siku hizi namtajia jina la mama yangu na la bibi yangu wa Muheza. Hawajui, wala hawezi kuwajua. Ila anayarudia majina yote mawili polepole, anaitikia kwa kichwa, kisha ananituma maji.

Na Desemba nakwenda Muheza. Dada wa mwisho wa bibi yupo hai, ana miaka themanini na kitu, na anacheka vizuri. Sina kozi wala cheti cha kutafuta huko. Nimeambiwa ana shamba la mihogo na magoti yanamsumbua.